Usimpandishe Gari

24 Juni

Mdogo wangu,

Nimeianza barua hii mara tatu. Sijaandika barua tangu nilipokuwa shuleni, na hata huko tulikuwa tunanakili ya mwalimu ubaoni. Shemeji yako ananichungulia begani na kucheka. Anasema niandike kama ninavyoongea, kwani nikiongea huwa natafuta maneno?

Haya. Simu yako haipatikani, wiki ya tatu sasa. Nikapiga ya karakana. Akapokea yule fundi wenu mkuu, nikasikia cherehani, nikasikia anakuita, halafu akaniambia, "Yupo, mama, ila mikono imeshika kazi." Kesho yake nikapiga tena, mikono bado imeshika kazi. Mikono gani hiyo isiyoachia hata kumwambia dada yako kwamba u mzima? Ndiyo maana naandika kama watu wa zamani.

Hospitali walituambia ulishonwa mguu na ukalala siku tatu. Tukaambiwa pia kwamba basi lilipinduka kwenye ile kona ya kabla ya daraja, na waliokufa ni sita. Basi. Wewe ulituachia mtoto Jumamosi, ukamalize kazi ya wiki moja urudi kumchukua. Jumapili ukapanda basi la kurudi kwako. Tangu hapo ninachokijua kuhusu wewe ni mlio wa cherehani.

Kitumbo hajambo. Amegundua namna ya kufungua kabati la vyombo, na sufuria zangu zote sasa zinaishi sebuleni. Juzi shemeji yako alikanyaga mfuniko, akateleza, akatoa neno. Mtoto kalidaka. Usiniulize neno gani, utalisikia mwenyewe.

Ukiweza kutembea, njoo umchukue. Kama huwezi, sema huwezi.

Dada yako


1 Julai

Dada, shikamoo.

Barua nimeipata. Mimi ni mzima. Mguu ulishonwa nyuzi kumi na moja na zote zimetolewa. Unauma nikisimama sana, kwa hiyo safari bado. Simu imeharibika. Hapa kazini tuna basi dogo la viti ishirini na tisa, vyote vinavuliwa na kuvalishwa upya, na mwenye gari ana haraka.

Kitumbo akatwe kucha kila Jumapili, akilala anajikwaruza uso. Uji asipewe wa moto hata akiulilia. Mlango wenu unatazama barabara: fungeni komeo la juu, la chini analifikia. Asitoke nje bila kushikwa mkono, na ashikwe kwenye kiwiko, si vidole, maana vidole huvichomoa.

Habari za kabati nimezisoma mara nyingi.

Nitakuja kazi ikiisha.

Mdogo wako


8 Julai

Mdogo wangu,

Kazi gani hiyo inayoisha? Umeanza lini kushona viti vya magari, na umewahi kuona vimekwisha duniani?

Barua yako nimempa shemeji yako aisome. Akasema, "Hii si barua, hii ni maelekezo ya kutumia pasi." Nikamwambia mdogo wangu alizaliwa hivyo, akiwa na miaka sita alikuwa ananipangia mimi nivae nini. Lakini baadaye nikairudia peke yangu, nikaona kweli, humo ndani hamna mtu. Kuna komeo, kuna kiwiko, kuna nyuzi kumi na moja. Wewe uko wapi?

Basi tufanye hivi. Kama mguu haukuruhusu, mimi nitamleta. Shule zinafungwa wiki ijayo, shemeji yako atabaki na nyumba. Jumamosi ya tarehe 19 nampakata mwenyewe mpaka kwako, nalala siku mbili, narudi. Utakuwa umeketi kitako chako, mtoto anakujia mlangoni.

Anakukumbuka, usidhani amesahau. Kila basi linalopita analipungia mkono. Nadhani anafikiri yote yamekubeba wewe.

Dada


13 Julai

Dada, shikamoo.

Usimlete.

Usimpandishe basi. Wala gari dogo, wala pikipiki, hata la jirani, hata kama ni kwenda na kurudi. Akiugua zahanati iko karibu, mbebe mgongoni utembee. Nisingekuandikia hivi kama isingekuwa lazima. Mimi ndiye mama yake na nimesema.

Nashukuru kwa kila kitu mnachomfanyia.

Mdogo wako


25 Julai

Mdogo wangu,

Nimekaa na barua yako wiki nzima ili nisikujibu kwa hasira, na bado hasira haijaisha, kwa hiyo nivumilie.

Jumatatu shemeji yako alikuja huko kwenu kwa shughuli za ofisi ya elimu. Nikamwambia pitia karakana ukamwone shemeji yako, umpe salamu na picha ya mtoto. Akafika mkitoka kazini. Akakuona unatoka getini, akataka kukushtukiza kwa utani, akawa anakufuata nyuma. Utani ukamwishia njiani. Anasema ulivipita vituo vitatu vya basi bila kutazama. Ulitembea saa nzima na robo mpaka kwako, na hukuchechemea hatua moja. Akaona aibu kukuita baada ya kukufuata umbali wote huo. Picha amerudi nayo.

Sasa niambie. Mguu ni mzima. Kazi ipo siku zote. Nilikwambia njoo, hukuja. Nikakwambia namleta, ukaniambia usimlete, tena kwa sauti ya mkuu wa magereza. Mimi nifikirie nini? Baba yake alikwenda zake mtoto hajaota jino, tukamsema sana, mimi na wewe, tukamsema mpaka maneno yakaisha. Je, na wewe umechoka? Kama humtaki, sema. Sitakutangaza. Kuna wanawake wanachoka.

Na lazima ujibu upesi kwa sababu kuna jingine. Shemeji yako amehamishwa. Tunaondoka tarehe 31 Agosti kwenda kituo kipya, siku mbili njiani juu ya lori la mizigo. Ama uje kabla ya hapo, ama mtoto apande lori pamoja nasi. Sikutishi. Nakupa tarehe.

Dada


30 Julai

Dada, shikamoo.

Mtoto namtaka. Nimelitanguliza hilo ili usilisubiri mwishoni.

Nimekaa siku mbili na barua yako. Mkuu wa magereza nimemkubali. La kuchoka sikulikubali, ila naona ulilitoa wapi. Nilikuficha, ukajaza mwenyewe. Sasa nitaeleza kwa utaratibu.

Mimi siwezi kupanda gari. Sikatai, siwezi. Siku nilipotolewa nyuzi nilikwenda kituoni nije kwako. Mfuko wa nguo za Kitumbo ulikuwa mkononi. Gari likaja, nikanyanyua mguu kuuweka kwenye ngazi. Ninachokumbuka baada ya hapo nimekaa kwenye kizingiti cha duka, muuza duka ananipepea na kipande cha boksi na kuuliza kama nina mimba. Nimerudi siku nyingine tano. Nikisikia breki tu mikono inakufa ganzi. Ndiyo maana natembea. Gari likija nageukia ukutani mpaka lipite. Shemeji hakuliona hilo? Basi alikuwa mbali.

Simu haikuharibika. Niliizima. Basi lilipolala ubavu kulikuwa na kimya, sijui kirefu kiasi gani. Halafu simu zikaanza kuita. Watu wa nyumbani walikuwa wameshasikia. Zililia kwenye mifuko, kwenye mapochi, chini ya viti, na hapakuwa na wa kupokea. Moja ilikuwa na mlio wa jogoo. Jogoo aliwika mpaka akachoka, akanyamaza, akaanza tena. Yangu ilikuwa inaita nayo. Ni wewe ulikuwa unapiga. Nilikuwa nayo mkononi na sikuweza kubonyeza.

Kiti changu kilikuwa safu ya nne, dirishani. Karibu yangu alikaa mama mmoja wa makamo, mwenye kapu la vifaranga. Akasema, "Mwanangu, nibadilishie, kichefuchefu kinanisumbua, nipate upepo." Tukabadilishana. Alinishukuru mara mbili. Upande wa dirisha ndio ulioangukia chini. Sijui jina lake.

Hili jingine utacheka, na ukicheka sawa. Lile basi la viti ishirini na tisa nilikata kava na kushona wiki mbili. Tukapeleka kuvalisha, zikapungua moja. Ishirini na nane. Fundi Mkuu akasema tumehesabu vibaya. Nikashona ya kujazia. Likaja basi la pili, aina ileile. Vipimo nimeandika mwenyewe kwenye daftari, viti ishirini na tisa. Nikashona ishirini na nane. Fundi Mkuu akapita na mzigo mkononi, kiti baada ya kiti, akasimama. Akaniita. "Mama Kitumbo, hiki kitasafiri uchi?" Nikatazama. Safu ya nne, dirishani. Nikamwambia naomba radhi. Akasema, "Na lile la kwanza lilikuwa hikihiki." Amekuwa kwenye viti miaka ishirini na sita, anajua mtu akikosea kwa uzembe na akikosea kwa namna nyingine.

Hospitali, kabla ya kuniruhusu, muuguzi alikuja na fomu. Maswali kumi na manne. Unashtuka ukisikia mlio? Unaona mambo yale yakijirudia ukiwa macho? Unakwepa njia au vitu? Unajihisi kama uko nje ya mwili wako? Nikajibu hapana, yote kumi na manne. Niliwaza kwamba mwanamke asiye na mume akijibu ndiyo kwenye karatasi ya hospitali, mtoto wake wanampa mtu mwingine. Sasa angalia nilipofika.

Kuhusu kumleta. Najua Kitumbo hakuwamo. Nilimwacha kwako mwenyewe, ameshika mfuniko wa sufuria. Lakini nikifumba macho yumo. Nikimuwaza ndani ya gari lolote namwona pale, na nasikia jogoo. Kwa hiyo nikakuandikia usimlete.

Sijakuandikia haya nikilia. Silii kabisa. Ndilo linalonishangaza. Naona kama kuna mtu anashona, anakula, anafua, na mimi nimesimama mlangoni namtazama. Anafanya kazi vizuri. Ila si mimi.

Mwambie shemeji kwamba kufuata watu nyuma si adabu. Na picha aitume kwa posta.

Mdogo wako


6 Agosti

Mdogo wangu,

Picha hiyo hapo ndani. Usiangalie pua, alikuwa na mafua.

Nimelisoma lile neno langu, "humtaki", kwenye karatasi uliyonijibu nayo, ingawa hukuliandika. Nisamehe. Sikucheka kuhusu kava. Shemeji yako ndiye aliyetoka nje, akakaa kwenye ngazi. Aliporudi akakiri kwamba alikuona unageukia ukutani, na siku ile aliniambia, nikamjibu unakwepa vumbi. Aliniambia ukweli wa macho yake, nikautupa mimi.

Sasa umeniambia yako yote, nami nina yangu mawili, na nikiyaweka mpaka tukutane sitayasema.

La kwanza. Barua ya uhamisho haikufika juzi. Ilifika Juni, kabla hata sijakuandikia mara ya kwanza. Nilikaa nayo wiki tano. Nilijiambia nasubiri upone mguu. Si kweli. Nilikuwa nahesabu: mguu usipopona mpaka Agosti, mtoto ataondoka nasi, na hakuna atakayesema nimemchukua kwa mtu. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika ndoa, unajua nyumba hii ilivyokuwa kimya. Ulipoandika usimlete nilikasirika, ndiyo. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kilifurahi. Nakiandika ukijue.

La pili. Ananiita Mama. Nilitakiwa kumfundisha "mama mkubwa". "Mkubwa" likamshinda ulimi, nami sikumkazania. Zimepita wiki saba.

Ukitaka nije kukufuata, nitakuja. Nitakushika mkono, tutapanda wote, tutashuka kila ukitaka kushuka, hata tukitumia siku tatu. Shemeji yako atabaki na mtoto. Kwa neno lako tu.

Dada


13 Agosti

Dada, shikamoo.

La uhamisho limepita. Ningekuwa wewe huenda ningefanya hivyohivyo, na nisingekiri.

La Mama limeniuma. Sitajifanya halijaniuma. Hapo ulikosea, dada. Lakini mtoto huita anayemwitikia, na wiki saba aliyemwitikia ni wewe. Usimkataze sasa, mtamchanganya. Nikija nitaanza mwenyewe.

Kunifuata, hapana. Ukinishika mkono nitafika, nakubali. Ila kurudi nitakuwa na mtoto, na mikono yangu itakuwa na kazi nyingine. Lazima nijue kama naweza bila kushikwa.

Nimefanya yafuatayo.

Lilikuja basi la tatu karakana, bovu, limewekwa juu ya magogo, halina magurudumu wala injini. Fundi Mkuu akanipa futi na chaki. "Hili unapimia ndani." Nikamwambia viti viletwe nje kama siku zote. Akasema, "Unaogopa nini? Hii si gari, hii ni nyumba ya bati." Siku ya kwanza nilikaa kwenye ngazi ya mlango tu, akaniletea chai palepale bila kuuliza. Siku ya pili nilipima safu mbili. Siku ya nne nilifika safu ya nne, nikapima dirishani, nikaandika. Nilitapika baadaye, nje, ila vipimo ni sahihi. Kava ishirini na tisa. Amezihesabu yeye, mimi sikuthubutu.

Wiki hii limewekwa injini. Makanika akaiwasha nikiwa ndani bila kunitaarifu. Nilitoka. Sikumbuki nilitokea wapi, na basi lile lina mlango mmoja. Fundi Mkuu akamwambia makanika, "Siku nyingine ukiwasha na fundi wangu yumo, nitakushona wewe kwenye sponji." Karakana nzima ikacheka. Mimi nilicheka pia, nikajisikia nacheka. Nakuambia kwa sababu ni mara ya kwanza.

Alhamisi nilikwenda hospitali kumtafuta yule muuguzi. Nikamwambia nataka kuijibu ile fomu upya. Hakuniuliza kwa nini. Akatoa mpya. Ndiyo zikawa tisa. Nikangoja aseme ataniandikia wapi, anishitaki kwa nani. Akaweka kalamu. Akasema wengi wanaotoka kwenye ajali huwa hivi wiki za mwanzo, si wazimu, na wengi hutulia wenyewe. Wengine huhitaji kusaidiwa. "Wewe ulichelewa kusema, ndiyo maana tutachelewa kidogo kumaliza." Nikauliza kuhusu mtoto. Akanishangaa. "Mtoto ana kosa gani?" Nitakuwa namwona kila Alhamisi. Kazi aliyonipa ni hii: nipande gari kituo kimoja, hofu ikija nisishuke mpaka ianze kupungua. Eti huwa inapanda, inafika mahali, inashuka yenyewe, ila mimi nilikuwa naikimbia kabla haijashuka.

Nimepanda mara nne. Mara moja sikumaliza ngazi. Mara mbili nilishuka katikati. Mara moja nilifika.

Mwanangu kuondoka juu ya lori, siafiki. Kama gari ni lazima, atapanda mapajani pangu. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 23.

Mdogo wako


18 Agosti

Mdogo wangu,

Naandika haraka iwahi posta.

Jumamosi nitakuwa kituoni kuanzia saa nne asubuhi. Nitakaa mpaka gari la mwisho. Usipokuja sitakasirika, nitarudi na mtoto nyumbani, tutapanga upya, hata ikibidi mimi nibaki nyuma na lori liende na shemeji yako peke yake. Amekubali. Amesema vyombo vitasafiri vizuri zaidi mimi nisipokuwepo kuvisimamia.

Nguo zake nimezifungasha. Nilizifungasha Jumamosi, nikazifungua Jumapili, nimezifungasha tena leo.

Nimeanza kumwambia "mama anakuja". Ananitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, kwa sababu nimekaa mbele yake. Ulisema nisimkataze, lakini nilijaribu. Sasa nimeacha.

Kula kitu kabla ya kupanda. Usipande na tumbo tupu.

Dada


29 Agosti

Dada, shikamoo.

Tumefika salama, kama shemeji alivyoagiza kwa maneno ya telegramu, "Fikeni mseme mmefika." Mwambie hakuna tena telegramu duniani. Tumefika tangu Jumatatu. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na mtoto.

Ulikaa kituoni kuanzia saa nne na mimi nikashuka saa kumi kasoro, na hukuniuliza. Nimeona hukuniuliza. Nilipanda magari matatu. La kwanza nilishuka baada ya nusu saa, la pili nilishuka kwenye mzani wa malori, nikakaa kwenye kivuli cha choo cha kulipia mpaka pumzi ikarudi. La tatu nilifika nalo. Kwenye ile kona nilifumba macho, halafu nikakumbuka nikifumba ndiyo naona, nikafumbua. Kuna nyasi tu.

Kwamba Kitumbo angenikimbia na kujificha kwenye gauni lako, nilitarajia. Kutarajia hakukuzuia kuniuma, lakini nilitarajia.

Sasa nikueleze la kurudi, maana uligeuka kabla basi halijaondoka, na ulifanya vizuri kugeuka.

Alilia. Alikunyooshea mikono dirishani, "Mama! Mama!", na hata ulipokwisha kupotea aliendelea kuinyoosha ileile. Alinipiga usoni. Lile neno la shemeji nimelisikia, na basi zima limelisikia. Tulipotoka mjini watu wakaanza kugeuka. Mwanaume mmoja mwenye brifkesi akaniuliza, "Dada, huyu mtoto ni wako?" Nikasema wangu. Akamuuliza mtoto, kwa sauti tamu, "Mama yuko wapi?" Kitumbo akaonyesha kidole nyuma, barabarani.

Unajua watu. Mara wawili wakasema wamesikia habari za watoto kuibwa. Mara mmoja alikuona wewe ukilia pale kituoni. Kondakta akagonga bodi, dereva akasimamisha gari pembeni, mlango ukafunguliwa. Kondakta akasema, "Shuka, mama, hapo mbele kuna kituo cha polisi, utajieleza, ukimaliza utapanda jingine."

Nataka uelewe jinsi ilivyokuwa. Gari limesimama. Mlango uko wazi. Hofu ilikuwa imeshapanda, na watu thelathini wananiambia kwa pamoja nishuke. Tangu Juni sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka ule mlango. Na nilijua nikishuka na mtoto pale, jingine sitapanda. Tungekaa pale pembeni ya barabara, mimi na yeye, mpaka mtu wa kutuchukua aje, na wa kuja kutuchukua ni wewe.

Nikasema sishuki.

Akasema, "Mama, usilete matatizo." Nikamwambia: kadi yake ya kliniki hii hapa, soma. Ana kovu la chanjo bega la kulia lililovimba, angalia. Ana meno kumi na mawili, mhesabu kama anakubali. Nilipata ajali kwenye barabara hiihii, nikakaa miezi miwili na nusu bila kumwona, hofu ikaninyang'anya mtoto na sasa amenisahau, na hilo ni langu mimi na yeye, si la basi hili. Huyo anayemwita ni dada yangu. Polisi waje humu ndani. Mimi mtoto wangu simshushi barabarani. Na wewe baba mwenye brifkesi, acha kumchekea, humtulizi, unamtia wazimu.

Kadi nikamnyooshea kondakta. Na, dada, ni mimi niliyekuwa nasema. Hapakuwa na mtu aliyesimama mlangoni akinitazama.

Bibi mmoja wa kiti cha nyuma akasema, "Funga mlango twende. Mwizi wa watoto hagombezi abiria." Watu wakacheka kidogo. Kondakta akaisoma kadi yote, hadi uzito, akanirudishia, akagonga bodi.

Alilia tena mpaka akalala. Nilimshika kiunoni kwa mikono miwili muda wote. Sitakwambia sikuogopa. Niliogopa hadi mwisho wa safari, ila nilikuwa nimeshika kitu.

Siku nne hizi ziko hivi. Jumatatu hakula kwangu. Jumanne alikula akinipa mgongo. Jumatano nilikwenda naye karakana, akakaa ndani ya boksi la mabaki ya sponji, akawa anamfuata Fundi Mkuu na si mimi. Mara mbili ameamka akikuita. Namwambia mama mkubwa yuko, anakupenda, atakuja. Simwambii mimi ni nani. Nampikia tu, namwogesha, namsubiri.

Alhamisi nilimwuliza muuguzi itachukua muda gani. Akauliza, "Yako au yake?" Nikasema zote mbili. Akasema hajui, njoo Alhamisi ijayo.

Leo asubuhi nilikuwa nafua uani. Akasimama mlangoni na kiatu kimoja mkononi, kingine kimeshaingia mguu usio wake. Alinitazama muda mrefu, kama anatafuta neno, akalikosa. Hakusema Mama.

Akasema, "Wewe. Njoo."

Nikafuta mikono, nikaenda.

Mdogo wako